Vipimo vya Bi Pindo

Mtu aliyepima wenzake maisha yake yote hujua anapopimwa. Kwa hiyo seremala alipokuja asubuhi ile na futi yake, akasema ametumwa kumtengenezea kitanda kipya, Bi Pindo aliendelea kukanyaga cherehani lakini jicho moja aliliacha kwenye futi. Seremala alimsimamisha, akampima kutoka utosini hadi kisiginoni. Sawa, kitanda kina urefu. Halafu akampima upana wa mabega.

"Baba," alisema Bi Pindo, "kitanda gani kinachotaka mabega?"

Seremala akasema vitanda vya siku hizi ni vya kisasa.

"Na unene wa kifua unanipimia nini? Kitanda hicho kina mfuniko?"

Seremala alikuwa mtu mzuri, ila kipaji cha uongo hakujaliwa. Akatazama dari. "Mama, mimi nimetumwa tu."

"Na nani?"

"Na Nesi, binti yako. Alisema nisikwambie, usije ukapandisha presha."

Presha haikupanda. Kilichopanda ni hasira ya fundi anayeona kazi inaharibiwa. "Basi pima vizuri," alisema. "Umenipima juu ya sweta. Nikivuliwa sweta hii nitabaki nachezacheza humo ndani kama punje kwenye debe." Akavua sweta, akasimama wima, na seremala akaandika vipimo upya.

Jina la Bi Pindo alipewa na mtaa, kwa sababu pindo aliloshona yeye halikufumuka. Suruali ilipauka, ikatoboka magotini, ikarithiwa na mdogo mtu, na pindo lipo palepale. Alikuwa na majina mengine mawili, na hayo ndiyo yaliyoleta balaa. Mume wa kwanza alimpeleka msikitini, akapewa jina. Mume yule akafariki. Mume wa pili alimpeleka kanisani, akapewa jina lingine, naye akafariki. Mume wa tatu hakutokea, labda baada ya kuuona mwenendo wa hao wawili. Majina yote mawili Bi Pindo aliyapenda, maana yote mawili alipewa na mtu aliyemtaka.

Watu walipomuuliza yeye ni dini gani hasa, alijibu, "Ya Mungu," akauma uzi. Jirani mmoja aliwahi kumkumbusha kwamba mpanda farasi wawili hupasuka msamba. "Na akipasuka," alisema Bi Pindo, "atapeleka wapi hiyo suruali? Si kwangu?" Lakini msidhani alikuwa mtu wa mzaha tu. Kila asubuhi kabla ya kutunga uzi aliinamisha kichwa juu ya cherehani akasali, kwa maneno ya huku na maneno ya kule, mengine ya kwake mwenyewe, na hakuwahi kuona kwamba yaligombana mdomoni mwake.

Yaligombana kwa watoto. Wa mume wa kwanza alikuwa Saruji, mwanamume mnene mwenye kipara, aliyeitwa hivyo kwa duka lake la vifaa vya ujenzi na kwa uso wake, ambao ukishakauka haukubadilika. Wa mume wa pili alikuwa Nesi, aliyefanya kazi zahanati na kuimba sauti ya kwanza katika kwaya. Tumbo moja, ziwa moja, na utotoni kitanda kimoja, huyu kichwa huku na yule kichwa kule. Siku moja walivunja gurudumu la cherehani. Bi Pindo aliwauliza nani kavunja, wakanyamaza. Akawachapa wote wawili, wakalia wote wawili, wala hakuna aliyemtaja mwenzake. Mpaka leo hajui.

Urafiki ule uliisha siku ya mazishi ya mume wa pili, ambaye ndiye aliyemlea Saruji na kumfundisha kuendesha baiskeli. Ibada ilipoanza kanisani, Saruji hakuingia. Alisimama nje ya geti, juani, mpaka mwisho. Nesi akasema kaka yake amemdharau marehemu na kanisa lake. Saruji akajibu neno, Nesi akarudisha mawili, yakatajwa mambo ya peponi na motoni na nani anakwenda wapi. Tangu siku hiyo hakuna aliyekanyaga kwa mwenzake. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, waliambiana majirani, maana watapatana tu. Watu walilima wakavuna, wakalima tena.

Kufa kwenyewe hakukumtisha Bi Pindo. Kilichomtisha ni siku ya kufa. Mtaa wa pili aliwahi kuwapo mzee aliyegombaniwa na wanawe, hawa wanataka azikwe hivi na wale wanataka vile, mpaka maiti ikakaa mochwari kama mzigo uliokosa mwenyewe. Alizikwa mwishowe, lakini udugu wao ulizikwa naye. Bi Pindo aliwashonea watu wale nguo za msiba, pande zote mbili, na aliyaona macho yao. Sasa aliwaona wanawe wakielekea kulekule, naye ndiye mzigo.

Tena Nesi hakuwa wa kwanza kujiandaa. Kabla ya seremala kuja na futi yake, Saruji alikuwa ameleta furushi akaliweka chini ya kabati la mama yake.

"Nini hicho?" aliuliza Bi Pindo.

"Kitu cha baadaye," alisema Saruji, akatoka haraka. Alikuwa mtu wa kutolitaja jambo baya kwa jina lake.

Bi Pindo alifungua, akakuta jora la bafta nyeupe, laini, yenye uzi mwembamba wa kijani ukingoni. Akajua ni kanzu za wajukuu, Saruji atakuja kusema vipimo. Saruji hakuja. Fundi cherehani akiona kitambaa kizuri kimelala tu, mikono humwasha. Halafu kwaya ya Nesi ikapata ugeni wa kanisa la mbali, na majoho ya safu ya mbele yalikuwa yamepungua, na bafta madukani hakuna. Bi Pindo akasema moyoni, nitamrudishia nyingine, akakata. Ule uzi wa kijani aliuonea huruma, akaupanga uje chini kwenye pindo, upendeze.

Jumapili ile Saruji alikuwa amekaa mbele ya duka, juu ya mifuko, kwaya ikapita kwa maandamano. Yeye hakuwa na ugomvi na nyimbo. Alikuwa hata akitikisa mguu kidogo. Ndipo safu ya mbele ikafika, dada yake katikati, mdomo wazi, na chini ya majoho ule uzi wa kijani ukicheza juu ya viatu. Saruji alifunga duka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana, akaenda kwa mama yake.

"Mama, binti yako amevaa sanda yako."

Bi Pindo alikuwa na pini mdomoni. Ikabidi azitoe moja moja. "Sanda yangu ipi?"

"Ile ya chini ya kabati."

"Ile ilikuwa sanda?"

"Ulidhani nini?"

"Kanzu za watoto. Sasa, mwanangu, mbona hukusema? Mtu unaleta kitambaa kwa fundi huachi maelekezo?"

"Mama, unacheka."

"Sicheki, nina pini nyingine."

Nesi alikuwa amesikia habari kabla ibada haijakwisha vizuri, akaja na joho lake mwilini. Chumba cha Bi Pindo kilikuwa kidogo: cherehani, meza ya kukatia, kabati, na kioo kirefu cha wateja. Walisimama kila mmoja upande wake wa meza, na kwa kuwa hawakuwa wakisemezana, maneno yote yalipitia kwa mama kama barua kwa mtu wa posta.

"Mama, mwambie mwanao mtu haandaliwi sanda angali mzima."

"Mama, mwambie binti yako hata jeneza haliandaliwi. Seremala anakuja kununua misumari kwangu."

"Mwambie mama amefunga ndoa kanisani, watu wote waliona."

"Mwambie alifunga ya kwanza msikitini, na yeye alikuwa hajazaliwa."

"Mwambie ya mwisho ndiyo inayohesabiwa."

Yakaendelea hivyo mpaka Bi Pindo akawa haambiwi tena, anasukumwa tu. Mwishowe wakamgeukia wote. "Sema wewe mwenyewe," alisema Saruji. "Wewe ni wetu au ni wao?"

Bi Pindo aliwatazama. Hii "wetu" na "wao" ilimchoma, maana yeye hakuzaa "wao" hata mmoja. Alitaka kulia, na kwa kuwa hakupenda kulia mbele ya watu, alikasirika. Mezani kulikuwa na gauni la bibi harusi halijatiwa mikono, na mwenyewe angekuja jioni.

"Haya, sikilizeni wasia," alisema. "Siku nikifa, yule atakayekwenda kwa miguu yake mpaka nyumbani kwa mwenzake, akapiga hodi, akaingia, akamshika mkono na kumpa habari, huyo ndiye atakayenizika kwa dini yake. Atakayekutwa nyumbani atafuata nyuma na atatulia. Simu haihesabiki. Kumtuma mtoto hakuhesabiki."

"Mama, hayo si mambo ya dini," alisema Nesi.

"Ni mambo ya fundi. Kitambaa hukatwa anavyotaka mteja, na mteja ni mimi. Tokeni, nina kazi."

Baadaye watu walisema Bi Pindo alikuwa na busara nyingi. Hakuwa nayo. Alitaka wamwondokee amalizie mikono ya gauni, na hilo la hodi lilimjia mdomoni kama linavyokuja lolote.

Lakini neno likishatoka limetoka. Sharti la kupiga hodi mlangoni kwa ndugu yako ni kuujua mlango wenyewe, na Nesi alikuwa amehama. Saruji akaanza kuupitia mtaa wa dada yake akijifanya anatazama majengo. Nyumba aliitambua kwa joho lililokuwa kambani. Bahati mbaya akaona pia ufa mkubwa ukutani, kutoka dirishani mpaka chini. Alijaribu kuupuuza. Alipita tena kesho yake, ufa upo. Mtu wa saruji hawezi kulala huku anajua mahali palipo na ufa kama ule. Mfuko ukafika kwa Nesi bila jina, na fundi wa kuziba, naye bila maelezo.

Nesi naye alikwenda kuipeleleza nyumba ya kaka yake, akamkuta wifi yake mlangoni ameegemea ukuta, anasema kichwa kinamzunguka. Nesi alikuwa na mkoba wa kazi. Akampima presha palepale kizingitini, bila kuingia, maana kuingia kulikuwa kwa siku ya msiba. Presha haikumpendeza. Akarudi siku nyingine kupima tena, akarudi na tena. Kila mmoja, ukimuuliza, alisema anajifunza njia tu.

Taabu ilikuwa kikohozi. Chaki ya kuchorea vitambaa humkereketa mtu koo, na kila Bi Pindo alipokohoa, jirani mmoja alipeleka habari kwa Saruji na mwingine kwa Nesi. Siku moja alikohoa kwa nguvu, na baada ya kitambo kidogo Saruji alikuwa barabarani na kiatu kimoja, akamkuta Nesi mbele ya kinu cha unga anakuja mbio, upande wa pili. Wakasimama.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Saruji. Lilikuwa neno la kwanza alilomwambia bila kupitia kwa mama.

"Kununua chumvi. Na wewe?"

"Na mimi chumvi."

Wakaingia dukani pamoja, kila mmoja akanunua chumvi asiyoihitaji. Bi Pindo alipoletewa habari hiyo alicheka mpaka akakohoa tena, akajiziba mdomo kwa haraka asije akawatoa watu kazini.

Jeneza lilipomalizika Nesi alisema liwekwe kwa mama, zahanati haina nafasi na mume wake hataki kuliona. Likawekwa pembeni ya kioo. Bi Pindo aliona sanduku zuri namna ile haliwezi kukaa bure, akalijaza vipande vya vitambaa na sufi za mabega. Wateja walishtuka mwanzoni, wakazoea, isipokuwa mabibi harusi.

Sasa kuna jambo moja kuhusu Bi Pindo ambalo mtaa mzima ulilijua: hakuna nguo iliyotoka kwake bila kujaribiwa. Ungekuwa na haraka ya namna gani, ungesimama mbele ya kioo, ukavaa, ukageuka. Na hapa palikuwa na kitu kimekatwa kwa vipimo vyake, kimekaa chumbani mwake, hakijajaribiwa. Kilimkera kila alipoinua macho. Mchana mmoja wa joto, sketi ya mwalimu ikiwa imebaki pindo tu, alipanda kigoda akaingia, akajilaza juu ya vile vitambaa. Miguu sawa. Kichwa sawa. Mabega yalibana kidogo. Alijua tu yule mtu atakosea mabega. Akafumba macho ili alifikirie hilo vizuri, na kwa kuwa tangu alfajiri alikuwa akikanyaga cherehani, usingizi ukamchukua.

Mwalimu akaja kuchukua sketi yake. Alipiga kelele moja tu, lakini ilikuwa kelele ya mtu aliyezoea kuita watoto kutoka ng'ambo ya kiwanja. Bi Pindo masikio yake yaliharibiwa na cherehani zamani, hakusikia. Mtaa ulisikia. Chumba kikajaa watu, na hapo angeguswa na kidole kimoja angeamka. Lakini wa msikitini walisema tusimguse, huenda ni wa kanisani, wenyewe wana taratibu zao. Wa kanisani wakasema tusimguse, huenda ni wa msikitini, tutaleta maneno. Kwa heshima kubwa namna hiyo, hakuna aliyemgusa. Wakatoka nje wakaanza kulia huko.

Yaliyotokea barabarani Bi Pindo aliyapata baadaye kwa wajukuu, akayaunganisha mwenyewe kipande kwa kipande. Saruji alikimbia kwa njia ya sokoni. Nesi alikatiza uchochoro ulio nyuma ya kinu. Hawakuonana. Saruji alifika mlangoni kwa dada yake, akapiga hodi, akaingia, akamkuta shemeji yake na watoto. Akakaa chini sakafuni na mwili wake ule, akalia. Binti mdogo wa Nesi alimletea maji. "Kunywa, mjomba," alimwambia, na wanasema neno hilo ndilo lililommaliza kabisa, maana hakuwahi kuitwa hivyo na mtu yeyote. Na wakati huohuo Nesi alikuwa nyumbani kwa kaka yake, ameshikana na wifi yake, na watoto wawili wa kiume wa Saruji wanamshika sketi wakisema, "Shangazi, usilie."

Walipojua kwamba wamepishana, kila mmoja alitoka kumtafuta mwenzake, na wakakutana palepale mbele ya kinu cha unga. Safari hii hakuna aliyetaja chumvi. Walishikana, watoto wa nyumba zote mbili wakiwa nyuma, wakaambiwa wasimame mbali. Mkubwa wao alisikia kipande kimoja tu. Saruji alisema, "Siku ile ya Baba nilisimama nje kwa sababu sikujua kama naruhusiwa kulia humo ndani." Nesi akaweka kichwa kwenye kifua cha kaka yake. Halafu wakaongea kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu.

Bi Pindo aliamshwa na kiu. Akasikia vilio nje, akaketi. Waliokuwa mlangoni walitawanyika, mmoja akaacha viatu. Alibaki seremala peke yake, aliyekuja kuona kazi yake imemkaaje mwenyewe, futi mkononi.

"Nani kafa?" aliuliza Bi Pindo.

"Wewe," alisema seremala.

"Mabega yanabana," alisema Bi Pindo. "Nilikwambia."

Wanawe walipoingia walimkuta anakunywa chai. Nesi alimkamata mkono, akatafuta mapigo huku analia na kumgombeza kwa pumzi moja. Saruji alikaa juu ya kigoda cha wateja, uso wake umelowa wote, akasema hakuna mama mwingine duniani mwenye tabia hii. Bi Pindo aliwaacha waseme mpaka wachoke. Aliona aibu, na aliwaonea huruma, lakini kulikuwa na swali linamwasha.

"Sasa nani alifika kwanza?"

Wakatazamana. "Hatukuangalia," alisema Nesi.

"Mngenizika vipi basi?"

"Tumeshapatana hilo," alisema Saruji.

"Mmepatanaje?"

"Yanatuhusu sisi, mama."

"Maiti ni mimi!"

"Utajua siku hiyo," alisema Nesi.

"Siku hiyo nitajuaje?"

"Basi hutajua," alisema Saruji, na kona ya mdomo wake, ule mdomo wa saruji, ikacheza.

Bi Pindo aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na nyuso zile akazifahamu. Ndizo nyuso za siku ya gurudumu. Angeweza kuwachapa wote wawili tena na wasingesema. Walikuwa na siri moja, na kwa mara ya kwanza tangu yale mazishi, yeye ndiye aliyekuwa nje ya mlango. Furaha ilimjaa kifuani.

Alijaribu kuijua siri hiyo, bila shaka. Aliwapa wajukuu peremende, hawakujua kitu. Alimuuliza sheikh, akamuuliza na mchungaji, kila mmoja akasema watoto wake walikuja pamoja, wamekubaliana, na wakamwomba asimwambie mama. Wote wawili walionekana kufurahia kumnyima. Udadisi ulimtesa kuliko kikohozi.

Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Jioni ile alirudi kwenye cherehani, maana mwalimu, alipopata nguvu ya kusimama, alikumbuka sketi yake. Nje dirishani Saruji alikuwa akimweleza Nesi kwamba ule ufa umezibwa vibaya, na Nesi akimwambia aje auzibe mwenyewe basi, kama anajua sana. Bi Pindo alitaka kutunga uzi ukakataa, macho yamejaa maji. Akaita mtu amletee miwani. Wakaingia wote wawili.

"Mwiteni na mwalimu," alisema. "Hatoki mtu hapa bila kujaribu."